Kinywa cha Kusini: Neno la Kutamkwa na Nafsi ya Msemaji katika Masasi na Newala

Utangulizi

Katika hazina ya methali za Kiswahili, ulimi umepewa nafasi mbili zinazopingana. Methali moja huonya kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; nyingine husifu kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Zote mbili zinakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba neno likishatamkwa hufanya kazi duniani. Linaweza kumjeruhi aliyelisema na linaweza kumwokoa, na baada ya kulitamka hawezi kujifanya kama kwamba halikupata kuwako.

Pamoja na hayo, historia ya fasihi ya Kiswahili imeandikwa kwa muda mrefu kwa kufuata karatasi kuliko kinywa. Wataalamu wameanza na miswada ya Pate na Lamu, wakataja Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, wakashuka Mombasa na Unguja, kisha wakaingia katika zama za magazeti na riwaya. Utaratibu huo una manufaa yake, lakini unaacha nje nchi nzima ya wasemaji. Miongoni mwa walioachwa ni watu wa Masasi na Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, mahali ambapo uwanda wa Makonde unainuka na kuutazama mto Ruvuma. Huko, kati ya miji hiyo miwili, ipo Lulindi, kituo cha zamani cha misheni na hospitali, ambako Kimakua, Kimakonde na Kiyao vimekuwa vikikutana katika njia moja na soko moja, na Kiswahili kikiwa mkalimani wao.

Insha hii inakusudia kuchunguza jinsi neno la kutamkwa lilivyokuwa chombo cha mtu kujieleza katika eneo hilo tangu robo ya mwisho ya karne ya 19. Neno "kujieleza" linatumika hapa kwa maana yake nzito: tendo la mtu kuiweka nafsi yake mbele ya wengine, akitaka itambuliwe. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni hili: neno la kinywa linapohamishwa kutoka kwa msemaji wake na kuwekwa katika barua, katika mashine au katika kitabu, ni kiasi gani cha nafsi ya msemaji kinachosalia?

Waliorudi na lugha nyingine

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani UMCA, aliongoza kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu, na safari yao ikaishia Masasi, ambako waliweka makazi. Steere hakuwa mgeni wa Kiswahili. Mwaka 1870 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo pamoja na mkusanyiko wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Kwa hiyo makazi ya Masasi yaliasisiwa na mtu aliyejua thamani ya masimulizi, na yalikaliwa na watu ambao kila mmoja wao alikuwa na simulizi la kutisha.

Wengi wa watu wa namna hiyo walikuwa wametoka katika makabila ya bara, wakiwemo Wayao, Wamakua na Wanyasa. Walitekwa wakiwa na lugha moja na wakarudi wakiwa na nyingine. Kiswahili walichojifunza Unguja kilikuwa lugha ya uhuru wao na, wakati uo huo, kumbukumbu ya kutengwa kwao na jamaa. Jambo hili linaonekana katika kitabu alichokihariri A. C. Madan mwaka 1887, kiitwacho Kiungani, ambacho kina maelezo ya wavulana wa shule ya misheni huko Unguja juu ya makwao na juu ya kutekwa kwao. Wavulana hao walijieleza, na maelezo yao ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa wa Waafrika wa eneo hili wakizungumza juu ya maisha yao wenyewe. Hata hivyo, kitabu kilitoka London kwa Kiingereza. Msomaji wa leo anapata habari za mvulana, lakini hapati namna alivyozisema: alipositasita, alipotumia neno la kwao kwa kukosa la Kiswahili, wala alipochagua kunyamaza.

Makazi ya Masasi hayakudumu katika amani. Mwaka 1882 yalishambuliwa na Wangoni waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Walionusurika walikuwa na tukio la pili la kusimulia juu ya lile la kwanza. Jamii iliyojengwa na watu waliopotezwa na kupatikana mara mbili haina budi kuwa jamii ya masimulizi, kwa kuwa bila kusimulia hakuna awezaye kueleza kwa nini yuko hapo alipo na si mahali pengine.

Barua ya Machemba

Mfano ulio maarufu kuliko yote wa mtu wa uwanda wa Makonde kujieleza mbele ya nguvu ni barua ya Machemba. Huyu alikuwa mtawala wa Kiyao aliyekuwa na makao yake Luagala, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Tandahimba. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamishna wa dola ya Kijerumani, alimtaka ajisalimishe. Machemba alijibu kwa barua ya Kiswahili.

Kwa muhtasari, alisema kwamba ameyasikia maneno aliyoletewa lakini haoni sababu ya kuyatii, na kwamba kufa kuna nafuu kuliko hilo. Kama shauri ni urafiki, hakatai, leo wala siku nyingine. Kama shauri ni kuwa raia wa mwingine, hapana. Hataanguka miguuni pa mtu, kwa sababu mtu huyo ni kiumbe cha Mungu kama yeye. Kila mmoja ni sultani katika nchi yake, na yeye hajapata kumwamuru mwenzake amtii. Anayejiona ana nguvu za kutosha basi na aje amchukue.

Barua hii mara nyingi hutajwa na wanahistoria kama ushahidi wa upinzani dhidi ya ukoloni, na ni kweli kwamba ni ushahidi huo. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, kuna jambo jingine la kulitazama. Ingawa imeandikwa, mjengo wake ni wa kinywa. Hoja zinakwenda mbili mbili, kama katika baraza: urafiki kwa upande mmoja na utii kwa upande wa pili, huku na huko, wewe na mimi. Hakuna maelezo marefu wala ushahidi wa kisheria. Kuna mtu anayesimama mbele ya mwenziwe na kumpima kwa macho. Nguvu ya hoja haitokani na bunduki alizonazo msemaji. Inatokana na kanuni ya usawa mbele ya Muumba, kanuni ambayo msikilizaji wake, akiwa Mkristo, hakuweza kuikanusha bila kujikanusha mwenyewe.

Uchaguzi wa Kiswahili pia una maana. Kiyao kilikuwa lugha ya nyumbani kwake. Kijerumani kilikuwa lugha ya adui. Kiswahili kilikuwa uwanja wa kati, lugha ya biashara na ya mikataba iliyounganisha bara na Lindi na Kilwa. Kwa kukitumia, Machemba alizungumza kama mtawala na mtawala. Si haki, basi, kusema kwamba Kiswahili kilifika uwandani kama mzigo wa wageni tu. Kwa Machemba kilikuwa kiti cha kukalia katika baraza la mataifa.

Neno halikumkinga kwa mtutu. Msafara wa kwanza wa Wajerumani ulirudishwa nyuma, kukawa na vipindi vya suluhu, ikaja kodi naye akakataa kuilipa, na mwaka 1899 ngome ya Luagala ilichukuliwa. Machemba alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Nchi aliipoteza. Lakini katika mgogoro ule, yeye ndiye aliyeacha neno ambalo watoto wa shule bado wanasomeshwa zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Sauti ndani ya nta

Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, misheni ya Masasi ilikuwa miongoni mwa zilizoteketezwa kusini. Mwaka uliofuata, eneo likiwa bado katika majeraha, alifika Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka makumbusho ya Leipzig. Alipita Lindi, Masasi, Chingulungulu na Newala. Alibeba kamera ya picha za kutembea na fonografu, mashine iliyochora sauti juu ya silinda ya nta. Matokeo ya safari yake yalitoka katika kitabu mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikafuata mwaka 1909.

Miongoni mwa walioimba mbele ya pembe ya mashine ile alikuwa mwimbaji kipofu aitwaye Sulila. Weule alimtaja kwa jina, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika vitabu vya zama zile, ambamo Waafrika mara nyingi walipita bila majina kama vivuli. Huyu basi ni mmoja wa wasanii wa mwanzo wa Tanzania ya leo ambao jina na sauti vyote viwili viliingia katika kumbukumbu.

Inafaa kutafakari kilichotokea katika tendo lile. Silinda ya nta iliweza kubeba kama dakika 2 au 3 za sauti. Wimbo wa ngoma, ambao huweza kwenda usiku kucha, ukirefushwa na kufupishwa kwa kadiri hadhira inavyoitikia, ulilazimika kukatwa ili uingie katika kipimo hicho. Mwimbaji alitakiwa kukaa karibu na pembe na kuielekezea kinywa chake. Waitikiaji walisikika kwa mbali au hawakusikika kabisa. Wataalamu wa fasihi simulizi hufundisha kwamba sanaa hiyo hukamilika katika utendaji, pale fanani, hadhira na mahali vinapokutana. Kwa kipimo hicho, mashine ilichukua mhimili mmoja wa nyumba na kuacha paa na kuta.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba mashine iliua wimbo. Mikusanyo ya namna hii ilihifadhiwa katika Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, ambayo rekodi zake za silinda ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Sauti ambayo ingekufa na mwenyewe imesalia. Tatizo ni mahali iliposalia. Mjukuu wa wasikilizaji wa Sulila, akitaka kusikia kilichoimbwa kwao mwaka 1906, hana budi kuandikia taasisi iliyo Ulaya.

Ulinganisho na pwani unafaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Naye, kama wasanii wengi wa kinywa, hakujua kusoma. Lakini santuri zake zilirudi nyumbani, zikauzwa, zikapigwa katika mikahawa, zikasikilizwa na watu wa tabaka lake, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mashine iliyomrekodi Siti ilipanua hadhira yake. Mashine iliyomrekodi Sulila ilimbadilishia hadhira: badala ya majirani, wanazuoni. Katika hali ya kwanza msanii anasema na watu wake kwa sauti kubwa zaidi. Katika hali ya pili anakuwa mfano wa watu wake mbele ya wageni.

Mafumbo ya jando na unyago

Neno la kinywa huweza pia kuwa na nguvu kwa sababu limefichwa. Katika jando na unyago wa Wamakua, Wamakonde na Wayao, mafunzo ya utu uzima hutolewa kwa nyimbo zenye mafumbo. Mwari hupewa wimbo ambao maneno yake ya nje ni mepesi, na maana yake ya ndani hufunuliwa na mkufunzi kwa wakati wake. Anayeijua maana amevuka. Asiyeijua angali mtoto, hata awe na mvi.

Lyndon Harries, ambaye baadaye alijulikana kote kwa kitabu chake cha ushairi wa Kiswahili cha mwaka 1962, alianzia kazi yake katika Dayosisi ya Masasi kama mmisionari wa UMCA. Mwaka 1942 alichapisha utafiti juu ya nyimbo-vitendawili za jando la Wamakua, na mwaka 1944 juu ya jando la Wamakonde. Ni jambo la kukumbukwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili kwamba mmoja wa wahariri wakubwa wa mashairi ya pwani alinoa sikio lake kwanza kwa mafumbo ya bara. Huenda taaluma ya Kiswahili ina deni kwa wakufunzi wa jando ambalo haijapata kulikiri.

Kanisa lenyewe lilitambua nguvu hiyo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alikuwa ameanza kabla ya hapo kulijenga upya jando kwa sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Terence Ranger, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1972, alionyesha kwamba mabadiliko hayo yalikuwa magumu zaidi upande wa wasichana. Sababu yake si vigumu kuielewa. Jando liliweza kujadiliwa baina ya wanaume, mapadri na wazee. Unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake, na maneno yake hayakuwa ya kutamkwa mbele ya mwanamume, sembuse padri. Wanawake ambao hawakuwa na kiti katika baraza la mtawala wala la kanisa walikuwa na uwanja ambamo neno lilikuwa lao peke yao.

Hapa swali la utafiti linageuka kuwa swali la adabu. Mtafiti anayechapisha fumbo la unyago pamoja na jibu lake anaongeza elimu, lakini anavunja mlango ambao ulikuwa sehemu ya maana ya fumbo lenyewe. Kujieleza kunahusu pia haki ya kuchagua wa kumweleza. Taaluma inayosifu neno la kinywa ina wajibu wa kuheshimu ukimya unaolizunguka.

Neno lililomzidi msemaji

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kusini kukusanya kwa wazee kumbukumbu za Maji Maji, na kazi ya G. C. K. Gwassa na John Iliffe ikatoa sehemu ya ushahidi huo mwaka uo huo. Kabla ya hapo vita vile vilikuwa na maandiko ya Wajerumani, na vilikuwa na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliohaririwa na Wilfred Whiteley mwaka 1957. Sasa vilipata sauti za wakulima waliovipigana.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa tamthilia ya Kinjeketile. Kiini cha mchezo huo ni neno la kutamkwa. Mhusika mkuu ametoa habari ya maji ya kinga, na neno lile limewaunganisha watu waliokuwa wametengana. Anapokuja kulitilia shaka, halimtii tena. Limekwisha kuwa mali ya watu. Mwishoni anakataa kulikana, kwa kuogopa kwamba vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa kupigania uhuru kulikuwa kosa. Hussein aligusa jambo ambalo methali za kale zililijua: msemaji ni mzazi wa neno lakini si mmiliki wake.

Hali hiyo ilijitokeza kwa namna nyingine katika maisha ya mwana wa Masasi aliyefika mbali kuliko wote. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akasoma Ndanda na Pugu, kisha Makerere, akawa mhariri wa magazeti, na kuanzia mwaka 1995 hadi 2005 akawa Rais wa Tanzania. Katika uongozi wake alijenga desturi ya kulihutubia taifa kila mwisho wa mwezi kwa njia ya redio na televisheni. Kwa Kiswahili chake cha kupimwa, sauti ya mtu wa kusini iliingia katika kila nyumba yenye redio. Lakini alipoandika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alifanya hivyo kwa Kiingereza. Yale ya serikali yalisemwa kwa Kiswahili. Yale ya nafsi yalitoka kwa Kiingereza. Hii si lawama kwa mtu mmoja. Ni alama ya njia ambayo wasomi wengi wa Afrika Mashariki wamepitishwa, na ni njia iliyoanza siku nyingi, tangu masimulizi ya wavulana wa Kiungani yalipochapishwa London.

Hitimisho

Mifano hii inaonyesha kwamba katika Masasi na Newala neno la kinywa halikuwa pambo la maisha. Waliokombolewa walilitumia kujipatia upya mahali pa kuwa. Machemba alilitumia kudai usawa. Sulila aliliachia sauti yake. Wanawake wa unyago walilitumia kulinda uwanja wao. Na kila lilipohamishwa kutoka kinywani, kitu kiliokolewa na kitu kilipotea.

Lipo jambo la mwisho ambalo wanataaluma wa Kiswahili hawana budi kulikabili. Lugha iliyompa Machemba kiti katika baraza ndiyo hiyo ambayo leo, kwa nguvu ya shule, ofisi na redio, inawapunguzia vijana wa uwanda sababu ya kujieleza kwa Kimakua, Kimakonde au Kiyao. Nyimbo za Sulila zikirudishwa Masasi kesho, zitahitaji watu wa kuzielewa. Kwa hiyo kazi ya kurejesha rekodi zilizo ughaibuni na kazi ya kuandika kamusi, kukusanya masimulizi na kufundisha lugha za nyumbani ni kazi moja. Idara za Kiswahili, ambazo zina walimu, mbinu na wanafunzi waliozaliwa katika vijiji hivyo hivyo, ziko katika nafasi nzuri kuliko yeyote ya kuifanya. Wazee wanaokumbuka maana za mafumbo wangali hai kusini, lakini kila mwaka idadi yao inapungua.